Kichuguu cha Joshoni

Jumamosi nyumbani kwa akina Ruwaida haikuwa siku ya kulala. Kabla jua halijashuka mlimani na kufika mtaani Ipogolo, mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa ameshafagia uwanja, amewasha jiko la mkaa na kuanza kuita. Sauti yake ilipenya mlango, ikapenya chandarua na blanketi mbili, ikafika sikioni kwa Ruwaida bila kupungua hata kidogo.

"Ruwaida! Udongo hauji wenyewe!"

Wasichana wengine wa mtaa ule waliamshwa kuteka maji au kuosha vyombo. Ruwaida, aliyekuwa darasa la sita, aliamshwa kwenda kuchimba udongo wa kula. Bi Mwanaidi aliuza viungo na dagaa sokoni, lakini kilichowavuta wateja kwenye meza yake ni vijiti vya udongo, vyembamba kama kidole cha mtoto, vilivyofukizwa moshi mpaka vikanukia kama ardhi iliyonyeshewa sasa hivi. Wanawake wajawazito walivipenda mno. Wapo waliovunja kipande palepale mezani wakakimung'unya wamefumba macho.

Udongo huo ulitoka korongoni, mbali, ng'ambo ya mashamba ya alizeti. Bi Mwanaidi alionyeshwa mahali hapo na mama yake mzazi, naye hakutaka kusikia habari ya mahali pengine. Tangu goti lilipoanza kumsumbua Bi Mwanaidi, Ruwaida alikwenda peke yake. Alichimba ukingo kwa sururu, akajaza ndoo, akarudi nayo kichwani akipanda kilima mpaka shingo ikauma. Hapo kazi haijaisha. Udongo ulitwangwa, ukachekechwa ili kutoa mchanga, ukakandwa kwa maji, ndipo ukaviringishwa vijiti.

Mteja wa kwanza wa udongo huo alikuwa nyumbani humohumo. Dada yake Ruwaida, Siwema, alikuwa ameolewa Mbeya na kijana aitwaye Rayyan, na sasa alikuwa amerudi kwao ili ajifungue mtoto wake wa kwanza karibu na mama yake. Siwema alitengewa bakuli lake la vijiti, akakaa nalo mkekani tangu asubuhi, akila taratibu na kupiga hadithi. Ruwaida alimpenda dada huyu kuliko mtu yeyote. Ndiye aliyemfundisha kusoma, ndiye aliyemsuka nywele, na alikuwa amemwahidi kwamba mtoto akizaliwa, yeye Ruwaida atakuwa wa kwanza kumbeba.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi Julai, baridi ya Iringa imekolea na upepo unapiga kelele kwenye mabua ya mahindi, Ruwaida alipochoka. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa mvivu wa kuzaliwa. Alichoka tu, kama anavyochoka mtu yeyote aliyepanda kilima kilekile wiki baada ya wiki. Akaketi nyuma ya mashamba ya alizeti, kwenye kivuli cha kichuguu kirefu chekundu, akamenya ngozi ya udongo kwa ukucha.

Ulimomonyoka mkononi ukiwa laini kama unga. Aliusugua kati ya vidole, hakusikia punje hata moja ya mchanga. Kando ya kichuguu kulikuwa na mtaro mrefu wa zege, umepasuka na kujaa nyasi, na uwanja wa zege uliozungushiwa nguzo zilizooza. Ruwaida alidhani ni kazi ya wajenzi walioishiwa saruji. Akatazama njia ya korongoni, akatazama kichuguu, akashika sururu.

Siku hiyo alirudi mapema mpaka Bi Mwanaidi akashangaa.

"Umefika saa hizi? Umekimbia?"

"Nimetembea haraka, mama."

Bi Mwanaidi alitia mkono ndoo, akageuza udongo, akatabasamu. "Hee, leo umechimba vizuri! Huu hata kuchekecha hauhitaji, mtu anaukanda moja kwa moja. Umeingia ndani zaidi ya ukingo, sivyo?"

Ruwaida aliguna kidogo, mguno ambao mtu angeweza kuutafsiri anavyotaka. Mama yake aliutafsiri kuwa ndiyo. Mambo yakaishia hapo, yaani yakaanzia hapo, kwa sababu kuanzia siku hiyo Ruwaida hakufika tena korongoni. Alikwenda kichuguuni, akachimba, akaketi kidogo akicheza kete peke yake ili asirudi mapema mno, kisha akabeba ndoo yake nyumbani. Wateja walisifu udongo mpya. Siwema naye alisifu, akaongezewa bakuli.

Mwezi wa Agosti ulipoingia, gari jeupe lilisimama mbele ya shule. Mwalimu Sosthenes, aliyefundisha sayansi, aliingia darasani akiwa na mwanamke mrefu mwenye buti zilizojaa vumbi na mwanamume mwenye mvi kidevuni.

"Huyu ni mtaalamu Yudith, ametoka kituo cha utafiti wa udongo, Mbeya," alisema mwalimu. "Na huyu ni Bwana Abdulkarim, fundi wa maabara. Wanachora ramani ya udongo wa kata yetu. Tulieni."

Mtaalamu Yudith hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikunjua karatasi kubwa ukutani, yenye madoa ya kahawia, manjano na nyekundu.

"Ramani hii haina habari na maduka," alisema. "Inaonyesha udongo. Wapi ni mfinyanzi, wapi ni mchanga, wapi unashika maji, wapi una tindikali mpaka unahitaji chokaa. Mkulima akiijua hapandi kwa kubahatisha. Kuna mtu anapoteza mbolea kila mwaka kwenye ardhi isiyoihitaji, na jirani yake anahangaika bila hata kiganja kimoja. Wote wawili hawajui walichokanyaga."

Kisha akawapa kazi. Kila mwanafunzi alete udongo kidogo kutoka mahali anapopajua vizuri, na aseme kweli ameutoa wapi.

"Narudia hilo la kweli," alisema. "Udongo wenyewe hauna jina usoni. Ukiniambia umetoka huku kumbe umetoka kule, nitapaka rangi isiyo yake kwenye ramani, na mtu atakayeifuata atapotea."

Ruwaida alikumbuka kazi hiyo asubuhi ya kuipeleka, akiwa ameshavaa viatu. Akachota viganja viwili kwenye gunia la mama yake, akafunga kwenye karatasi, akakimbia.

Bwana Abdulkarim alipokea udongo mmoja mmoja, akautia kwenye mfuko na kuandika jina la mahali. Zamu ya Ruwaida ilipofika, aliuliza, "Huu wa wapi, binti?"

Nyuma yake kabisa alisimama Riya, rafiki yake, ambaye duka la baba yake lilitazamana na meza ya Bi Mwanaidi sokoni. Riya alikuwa msichana mwema, lakini habari ikiingia kwake asubuhi, mchana ilikuwa imeshazunguka soko zima.

"Korongoni," alisema Ruwaida. "Ng'ambo ya mashamba ya alizeti."

Mzee yule akaandika.

Baada ya siku chache wataalamu walirudi, wakalichukua darasa zima mpaka korongoni. Njia nzima Ruwaida alitembea nyuma ya wenzake. Walipita karibu na mashamba ya alizeti, kichuguu kikaonekana kwa mbali, naye akaangalia upande mwingine.

Ukingoni mwa korongo, mtaalamu Yudith alichomeka ardhini chuma kirefu chenye ncha iliyojisokota, akakizungusha kwa mikono miwili mpaka jasho likamtoka. Alipokivuta, kilitoka na udongo uliojazana kwenye misokoto yake. Akaupanga kwenye turubai, wa juu mwanzo, wa chini mwisho, ili wanafunzi waone jinsi rangi inavyobadilika. Kisha akachukua kiganja, akakilowesha, akakikanda na kukisukuma kwa kidole gumba ili kitoke utepe. Utepe ulitoka kidogo ukakatika.

"Mnaona? Una mchanga. Sikilizeni." Akausugua karibu na sikio la Mwalimu Sosthenes, mwalimu akacheka. "Na angalieni hizi chembe zinazometameta. Maji ya mvua huzileta kutoka kwenye miamba ya juu. Sasa, Bwana Abdulkarim, nipe ule mfuko wa korongoni."

Bwana Abdulkarim akatoa mfuko. Mtaalamu Yudith akautazama, akalowesha udongo wake, akausukuma kwa kidole. Utepe ulitoka mrefu, mwekundu, laini, usiokatika. Hakukuwa na chembe hata moja ya kumetameta.

Aliukunja uso. "Huu si wa hapa."

"Ndio mfuko ulioandikwa, mtaalamu," alisema Bwana Abdulkarim.

"Ulioandikwa na nani? Na wewe. Huu ni udongo wa kichuguu, mchwa ndio waliouchambua hivi. Umechanganya mifuko. Kazi yote ya upande huu sasa siwezi kuiamini. Tutarudia shule nzima?"

Bwana Abdulkarim alikuwa mtu mzima kuliko mtaalamu Yudith, huenda alikuwa na wajukuu, naye alisimama mbele ya watoto akipekua mifuko yake mmoja mmoja. "Nisamehe," alisema mwishowe. "Labda macho yangu."

Ruwaida aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alitamani mtu mwingine aseme neno, yeyote, lakini hakuna mtu mwingine aliyelijua neno lenyewe. Darasa lilipoanza kurudi, yeye alibaki nyuma karibu na gari.

"Shikamoo, mtaalamu."

"Marahaba. Unataka nini, mbona wenzako wanaondoka?"

"Bwana Abdulkarim hakuchanganya. Udongo ni wangu. Nilisema korongoni, lakini ni wa kichuguuni. Kile kule."

Mtaalamu Yudith aliweka chuma chake chini. Kwanza alimtazama Bwana Abdulkarim. "Nimekusema bure mbele za watu. Nisamehe mimi." Kisha akamgeukia Ruwaida, sauti yake ikiwa bado ya kawaida. "Kwa nini ulidanganya?"

"Ni karibu. Mama anataka wa korongoni, lakini ni mbali."

"Haya. Umefanya vema kusema. Kichuguu hicho kiko wapi hasa, nikiweke mahali pake?"

"Nyuma ya alizeti, kwenye ule mtaro wa zege."

"Mtaro gani wa zege?"

Ruwaida alieleza. Mtaro mrefu, mwembamba, upande mmoja una mteremko mkali, upande mwingine una ngazi ndogo za kutokea, halafu uwanja wa zege na nguzo.

Uso wa mtaalamu Yudith ulibadilika. Bwana Abdulkarim naye aliacha kufunga mifuko.

"Hilo ni josho," alisema mzee yule polepole. "Josho la ng'ombe. La zamani."

"Binti," alisema mtaalamu Yudith, akichuchumaa ili macho yao yalingane. "Zamani ng'ombe walitumbukizwa kwenye majosho ili kuua kupe. Baadhi ya majosho ya wakati huo yalitiwa sumu iitwayo aseniki. Ng'ombe walipotoka, walisimama kwenye uwanja ule wakichuruzika, maji yakaingia ardhini. Sumu hiyo haiozi wala haiishi kwa mvua. Inaweza kukaa kwenye udongo miaka na miaka. Sijapima hapo, kwa hiyo sisemi ipo. Lakini nataka unijibu vizuri. Mama yako anaufanyia nini udongo huo?"

Ruwaida alijibu kwa sauti ndogo sana.

"Anauza. Watu wanakula."

"Nani anakula?"

"Dada Siwema. Ana mimba."

Mtaalamu Yudith aliinuka. "Ingia garini," alisema.

Sokoni ilikuwa saa ya watu wengi. Bi Mwanaidi alikuwa akimpimia mwanamke mmoja dagaa, vijiti vya udongo vimepangwa kwenye sinia mbele yake. Mteja mwingine, mwenye tumbo kubwa, ameshika kijiti mkononi akisubiri chenji.

"Kamwene, mama Siwema," alikuwa akisalimia mteja huyo kwa Kihehe, akitania. "Mwezi huu udongo wako umenishinda, nimekuwa kama mchwa."

Bi Mwanaidi alimwona binti yake akishuka kwenye gari la watu asiowajua, akaacha mizani ikining'inia. "Ruwaida? Kuna nini? Shule imefungwa?"

Mtaalamu Yudith alisalimia, akajitambulisha, akaeleza kwa upole kwamba udongo ule usimamishwe kuuzwa mpaka upimwe, kwa kuwa huenda umetoka karibu na josho la zamani. Bi Mwanaidi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa hasira.

"Mwenzangu, umekosea meza. Udongo wangu mimi ni wa korongoni. Alichimba mama yangu, nimechimba mimi, anachimba mwanangu. Wallahi sijawahi kugusa udongo wa josho. Ruwaida, mwambie."

Watu walikuwa wameshaanza kusogea. Riya alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lao, macho yamemtoka. Ruwaida alitazama sinia, akatazama tumbo la yule mteja, na woga wa kugombezwa uliokuwa umemkaa wiki zote hizo ukaonekana kitu kidogo kabisa.

"Mama, si wa korongoni," alisema. "Tangu ile siku ulipousifu. Ninachimba kichuguu cha kwenye zege. Nilikuwa nachoka."

Bi Mwanaidi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alinyoosha mkono, akachukua kijiti kutoka mkononi mwa mteja, akakirudisha kwenye sinia, akaimimina sinia yote ndani ya mfuko na kuufunga fundo.

"Siwema yuko nyumbani," alisema. "Nimemwachia bakuli limejaa."

Walimkuta Siwema mkekani, bakuli mapajani, shavu moja limevimba kwa kijiti. Alipoambiwa ateme, alidhani ni mzaha. Alipoona mama yake analia, akatema.

Hospitalini walipokelewa na nesi Anyelwisye, mwanamke mnene mwenye sauti ya kutuliza. Aliuliza maswali mengi, na majibu ya Siwema yakamshangaza hata mama yake. Ndiyo, tumbo lilikuwa likimsokota. Ndiyo, kulikuwa na kichefuchefu kisichoisha, na nguvu zilimwisha akitembea hatua chache. Hakusema kwa sababu alidhani ndivyo mimba zilivyo. Walimtoa damu, wakachukua mkojo wa kupeleka maabara kubwa, kwa sababu kipimo cha sumu ile hakikupatikana pale. Mtaalamu Yudith naye alifunga udongo wa kwenye gunia na udongo aliouchimba mwenyewe pale joshoni, akaupeleka kupimwa.

"Damu yake imepungua sana," alisema nesi Anyelwisye. "Hilo nalijua leoleo. Mama, hata huo udongo wako wa korongoni si chakula. Una mayai ya minyoo, na tumboni unazuia madini ya chuma yanayotengeneza damu. Mwanamke mjamzito akipata hamu ya udongo, mara nyingi ni damu yake inayopiga kengele. Aje kliniki apewe vidonge. Asiende sokoni."

"Nimewauzia wangapi," alisema Bi Mwanaidi, na hakuwa akimwuliza mtu.

Majibu ya maabara yalichelewa, na siku za kuyasubiri zilikuwa mbaya. Ruwaida alilala kitanda kimoja na woga. Kila Siwema alipokohoa, yeye aliketi. Alijua kwamba mtoto yule, ambaye hajaonekana bado na hana hata jina, amekula kila alichokula mama yake, na aliyekileta ndani ya ndoo ni yeye. Bi Mwanaidi alimpa chakula, akamwagiza dukani, akamwamsha kwenda shule, lakini zaidi ya hayo hakuzungumza naye.

Hata hivyo alimtaka afuatane naye. Kila jioni walizunguka mitaa kuwatafuta wateja. Bi Mwanaidi alichechemea mbele kwa goti lake bovu, Ruwaida nyuma na mfuko wa kukusanyia vijiti vilivyobaki. Mlangoni kwa kila mtu Bi Mwanaidi alisema maneno yaleyale, bila kuyapamba: udongo niliokuuzia unaweza kuwa na sumu, nipe uliobaki, nenda ukapimwe.

Wapo walioshukuru. Wapo waliofunga mlango. Mwanamke mmoja alimtolea maneno makali mbele ya majirani, akamwita muuaji, akamwuliza kama hana haya kulisha watoto wa wenzake uchafu.

Ruwaida alisogea mbele. "Shangazi, ni mimi nili—"

"Nyamaza," alisema Bi Mwanaidi. Kisha akamwambia yule mwanamke, "Aliyeuza ni mimi. Meza ni yangu. Nilipaswa kujua ninachouza kimetoka wapi, sikwenda kuangalia. Nenda hospitali, dada yangu, nakuomba. Ukishatoka huko unitukane upya."

Ruwaida alilia njia nzima ya kurudi. Kama angepigwa asingelia vile.

Majibu yalipokuja, mtaalamu Yudith aliyaleta mwenyewe. Udongo wa joshoni ulikuwa na aseniki nyingi kupita kiasi kinachofaa hata kwa kupanda mboga. Udongo wa kwenye gunia ulikuwa nayo vilevile. Mwilini mwa Siwema sumu ilikuwa imeanza kuingia. Daktari alisema imeonekana mapema. Kwa kuwa ameacha kuila, mwili wake utaendelea kuitoa wenyewe, lakini lazima ahudhurie kliniki kila wiki mpaka ajifungue, na vidonge vya damu asikose. Baadhi ya wateja nao walipimwa, wakapewa dawa na kuambiwa warudi.

Baadaye mkutano wa mtaa uliitishwa. Mtaalamu Yudith alitundika ramani yake, safari hii ikiwa na alama nyeusi nyuma ya mashamba ya alizeti. Alieleza kwamba pale hapafai kuchimbwa, kulimwa wala kuchungiwa mifugo, na viongozi wakakubaliana pazungushiwe uzio. Wenye mashamba ya jirani waliuliza maswali mengi, naye akaahidi kupima kwao pia. Hakumtaja Ruwaida kwa jina. Alisema tu, "Ardhi inatunza kila tunachoimwagia, kizuri na kibaya. Ndiyo maana tunaipima, hatuikisii. Na hata vipimo vyetu havina maana mtu akituficha udongo umetoka wapi. Alama hii tumeipata kwa sababu mwanafunzi mmoja wa hapa alirudi akasema kweli. Alichelewa, lakini alisema."

Siwema alijifungua mwezi wa Oktoba, joto la kabla ya mvua likiwa limepamba moto. Uchungu ulimshika asubuhi, wakampeleka hospitali kwa bajaji, na Ruwaida akakaa kwenye benchi la nje akitazama mlango tu. Nesi Anyelwisye alipotoka, alikuwa akitabasamu kwa uso mzima.

"Mtoto wa kike. Mdogo kidogo, lakini mzima, na kelele anazo."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanaidi.

Waliporuhusiwa kuingia, Siwema alikuwa amelala kwa uchovu. Bi Mwanaidi alimchukua mtoto kitandani, akamtazama kwa muda, kisha akamgeukia Ruwaida. "Kaa hapo. Nyoosha mikono. Dada yako alisema wewe wa kwanza."

Ruwaida hakuthubutu kusogea. "Mimi, mama?"

"Wewe. Kaa."

Mtoto aliwekwa mikononi mwake. Alikuwa na joto, na uzito wake ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani. Bi Mwanaidi aliketi kando yake kwenye ukingo wa kitanda.

"Nilikukasirikia sana," alisema kwa sauti ya chini, asimwamshe Siwema. "Sasa nikuambie kitu ukishike. Sikukasirika kwa sababu ulichoka. Mtoto anachoka, mtu mzima anachoka, punda naye anachoka. Ungeniambia siku ile, 'Mama, nimechoka, leo sifiki korongoni,' ningekugombeza, ndiyo, mimi nina mdomo. Lakini ugomvi ule ungeisha kabla ya chakula cha mchana. Ulipoficha, sikujua ninachokipika, sikujua ninachokiuza, sikujua ninachomlisha mwanangu. Nilikuwa natembea gizani na taa umeishika wewe. Unanielewa?"

"Ndiyo, mama."

"Kitu kikikushinda, kiseme. Kidogo, kikubwa, kiseme."

Ruwaida aliitikia kwa kichwa. Mtoto alipiga miayo, akakunja vidole, akaendelea kulala. Walikaa hivyo kwa muda mrefu, wakisikiliza pumzi za Siwema na magurudumu ya kitoroli yakipita nje. Mkono wa Ruwaida ulianza kufa ganzi. Alijikaza, kwa kuwa alikuwa ameingoja siku hii miezi mingi na hakutaka kumwachia mtu mwingine. Akajikaza tena kidogo.

"Mama," alisema, "mkono umechoka. Naogopa nitamwangusha."

Bi Mwanaidi alinyoosha mikono yake miwili palepale, akampokea mtoto.